Gramu Kumi na Sita za Oksijeni

Rumyana Vakova alifundisha kemia tangu ujana wake katika mji mdogo wa Bulgaria, kando ya mto Danube, na somo la moli alilifundisha kwa maharage. Aliyamwaga mezani, akawaacha wanafunzi wayahesabu mpaka wachoke, ndipo awaletee mizani.

"Atomu hazihesabiki kwa kidole, wanangu. Tunapima uzito, na uzito unatuambia idadi. Moli ni fungu tu, kama dazani, ila fungu kubwa kupita akili."

Mwaka huo mwanafunzi wake Tsveta, binti wa fundi viatu, alikosa nafasi katika shule ya sayansi ya mkoa kwa alama moja. Karatasi yake ya mtihani iliporudi, Rumyana aliisoma jikoni, amesimama, pilipili hoho zikiungua motoni bila yeye kusikia harufu. Swali liliuliza gramu kumi na sita za gesi ya oksijeni zina moli ngapi za molekuli. Tsveta aliandika nusu. Msahihishaji kamwekea kosa kwa wino mwekundu: jibu ni moja.

Mwalimu aliwaka hasira. Kumi na sita ni uzito wa moli ya atomu peke yake. Katika gesi, atomu za oksijeni hukaa mbilimbili, kwa hiyo moli nzima ya molekuli ni gramu thelathini na mbili. Mtoto alikuwa sahihi.

Kesho yake alimfuata afisa elimu wa mkoa, Bwana Tsankov.

"Mama Vakova, majibu yametoka kwenye kamati. Wote wamesahihishwa hivyohivyo, hakuna aliyeonewa."

"Kumbe mkiwaibia wote sawasawa si wizi?"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi. Niitie aliyeandika haya."

"Yuko likizo, baharini."

Rumyana akaketi kwenye korido, akagoma kuondoka. Kila aliyepita na kahawa yake aliulizwa lile swali na kufafanuliwa jibu, atake asitake. Kufikia jioni makarani wenyewe walikuwa wanabishana na Tsankov, naye akakubali karatasi zisahihishwe upya.

Tsveta alipata nafasi. Lakini mvulana aliyeandika moja, aliyekwisha kuambiwa amefaulu, akatolewa, na mama yake akampigia Rumyana simu.

"Umefurahi sasa, mwalimu? Mwanangu alishanunuliwa begi."

Hasira ambayo Rumyana alidhani imekwisha ikampanda upya: wakubwa wamekosea, na sasa mtoto ndiye anayelipishwa.

"Mama, vaa viatu," alisema. "Tunakwenda kwa Tsankov pamoja."

Walikwenda, wakarudi, wakaenda tena, mpaka shule ikakubali kuongeza dawati moja. Barua ya ofisi ilieleza kwamba kulitokea hitilafu ndogo ya uchapaji. Hilo ndilo lililomuudhi Rumyana kuliko yote.

"Uchapaji," alimwambia fundi viatu, akiisukuma barua kando. "Hata kusema hatukujua jibu, wameshindwa."