Kisamvu cha Vunja Jungu

Mimi ni mwizi wa majani. Si dhahabu wala fedha. Majani, tena ambayo mkulima mwenyewe alikuwa akiwatupia mbuzi. Jina langu niachieni, maana Maskati ni ndogo na sisi wenye asili ya Unguja tunajuana hadi kwa harufu ya mapishi. Lakini kosa nalikubali lote, na nawasimulia nyinyi kwa sababu shoga yangu niliyezoea kumsimulia kila kitu ndiye niliyemkosea.

Shoga mwenyewe ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Nimwite Salma. Watu husema wifi ni wifi tu, hata akiwa wa asali, lakini sisi tulikuwa vingine. Kila asubuhi mimi nikitoka Khuwair kwenda kazini, yeye akitoka kwake Ghubra, tuko kwenye simu: nani kaposwa, nani kanenepa, nani kapika biriani likashika chini. Mume wangu akitaka kujua mkewe ana hasira gani leo, alikuwa anampigia dada yake.

Sasa yupo Mama, yaani mama yao, mama mkwe wangu. Mwanzo wa baridi alilazwa kwa ajili ya kifua, na alipotoka hospitali chakula kikamkataa. Ukimpakulia wali, anauzungusha kwa kijiko. Ukimpa supu, atakunywa mafunda mawili kisha, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nguo zikaanza kumpwaya. Tulikuwa na khofu, ingawa hakuna aliyeitaja, na Ramadhani ilikuwa inakuja mbio.

Siku moja, tumekaa naye wawili sisi, akasema, "Nnatamani kisamvu. Lakini si hicho chenu cha pakti, kinanuka friji. Kisamvu kibichi, kilichotwangwa, kikapikwa kwa nazi."

Mimi nilisema inshallah, nikasahau. Salma hakusahau.

Kama mnavyojua, wakati wa baridi huku ndio wakati wa neema. Jua likishapoa, wakulima wa Barka na Suweiki wanaleta mazao yao mjini, na kuna soko lao moja Ghubra, Ijumaa asubuhi, ambalo sisi wawili tulilifanya kama miadi yetu. Nyanya zenye harufu ya nyanya, mabilingani yanayong'aa, ndimu, viazi vitamu, nazi na ndizi za Salala. Mwaka huu Ramadhani ilituangukia ndani ya baridi, kwa hiyo na karamu yetu ya vunja jungu, ile ya kula mchana kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga, ikaangukia humo humo. Salma akatoa amri kwa familia nzima: safari hii kila kitu kitakacholiwa kiwe kimeota katika ardhi ya Omani. Mimi nikapewa bilingani na viazi vitamu. Mume wangu akapewa samaki. Yeye mwenyewe akasema ataleta ndizi na maji ya kunywa, na watu wakamcheka kwa uvivu.

Kumbe alikuwa na jambo lake, na aliniambia mimi peke yangu. Pale sokoni yupo mkulima mmoja wa Barka, mstaafu wa jeshi, tunamwita Abu Nasser. Anauza muhogo, ila majani yake anawapa mbuzi. Salma alipomwambia kwamba sisi tunayala, yule bwana alicheka mpaka akaegemea meza. Salma hakukata tamaa. Ijumaa iliyofuata akampelekea bakuli la kisamvu cha pakti ili aonje. Ijumaa nyingine akamweleza habari za Mama na maradhi yake. Mwisho Abu Nasser akalainika. Akasema ncha changa zote za shamba lake atazikata mara moja tu, Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, kwa sababu muhogo ukikatwa ncha lazima uachwe upumzike.

"Na usimwambie Mama," Salma akanionya. "Nnataka nimuone uso wake."

Haya. Ijumaa ile mimi nilitangulia sokoni kwa ajili ya mabilingani yangu. Salma alikuwa anampeleka mwanawe madrasa kwanza. Napita mbele ya meza ya Abu Nasser, ananikodolea macho.

"Wewe si wa nyumba ya yule bibi anayekula chakula cha mbuzi?"

"Ndiyo, ni mama yetu," nikasema.

Akainama chini ya meza akatoa mfuko, umefungwa vizuri, umejaa majani mabichi yana umande. "Basi chukua. Mwambie dada yako nimekata yote, asije akanililia tena."

Mpaka hapo, wallahi, sikuwa na ubaya. Nilisema moyoni, nitampigia Salma nimwambie mzigo wake ninao. Nikaingia garini, nikauweka ule mfuko kwenye kiti cha pembeni, nikaukazia macho. Na pale ndipo wivu uliponishika.

Nisifiche. Tangu niolewe katika nyumba ile, Mama hajawahi kuniomba nimuongeze chakula changu. Hana ubaya na mimi, ananipenda, lakini kwa mapishi mimi ni wa kupasha moto. Idi iliyopita mkate wangu wa kumimina ulibonyea katikati kama godoro la wageni, na Mama, kwa huruma yake, akasema, "Huu tutachovyea chai." Sote tulicheka, na mimi nilicheka, kisha nikaenda kulia msalani. Nikataka, mara moja tu, Mama anyooshe sahani kwangu.

Sikupiga simu. Alipiga yeye, kutoka sokoni, pumzi juu.

"Wifi, Abu Nasser ananiambia mtu wa nyumbani kashachukua. Ni wewe?"

"Ni mimi, nimekupunguzia kazi."

"Alhamdulillahi! Roho ilinitoka. Basi nipitie nikichukue?"

"Ah, wewe una watoto na shughuli. Ntakitwanga mimi, ntakipika mimi. Wewe njoo na ndizi zako."

Halafu akasema, "Haya, wifi. Lakini usimpakulie mpaka nifike."

"Inshallah," nikajibu. Ile inshallah yangu jamani, Mungu anisamehe, haikuwa na nia ndani yake.

Nilitwanga kwa kinu, maana kwenye mashine kinakuwa uji. Jirani wa chini alipanda kuuliza kama tunavunja ukuta. Nikatia thomu, nikachemsha mpaka kikalainika, nikatia kunde, nikakamua nazi mbili za Salala, tui zito nikaliweka mwisho. Nilipoonja nilistaajabu mwenyewe. Kilikuwa kizuri. Hilo nalo linaniuma, maana ningesema tu "Salma kakipata, mimi nimekipika," ningesifiwa vya kutosha na kubaki.

Jumamosi tukakutana Bustan, ufukweni, mikeka imetandikwa, upepo baridi, Mama kwenye kiti chake na shali mabegani. Salma alikuwa hajafika; viatu vya mwanawe vilikuwa havijulikani vilipo. Mimi nikafunua bakuli. Niliwaambia wenzangu eti nataka kuona kama bado kina moto. Mama alikuwa anaangalia bahari. Pua ikageuka kwanza, kichwa kikafuata.

"Nnasikia harufu ya nini?"

Nikampakulia. Akaonja, akafumba macho. Akala. Mkono ukaenda na kurudi, na sisi sote tunamwangalia bibi anakula kama tunaangalia mpira. Sahani ikaisha. Akainyoosha.

Akainyoosha kwangu.

"Niongeze," akasema. "Nani kaniletea hichi?"

Nikasema, "Mimi, Mama. Nimekihangaikia."

Akanishika kichwa akaniombea dua, ndefu, mbele ya watu wote, na mimi nikazipokea dua zisizo zangu nikiwa nimeinamisha uso kwa adabu. Alipomaliza tu, Salma huyo, katoni ya maji mkononi na chane la ndizi begani. Mama akamuona.

"Salma! Mwanangu wa kumzaa kaniletea maji, kama niko wodini bado. Mkwe wangu kanitafutia kisamvu. Leo nimejua nani binti yangu."

Ni utani. Mama ana ulimi, sote tunamjua. Watu wakacheka. Salma akatua ndizi, akaniangalia. Alinipa nafasi. Hakukunja uso, aliningoja tu. Mimi nikauliza nani anataka samaki zaidi.

Yeye akafungua chupa, akammiminia mama yake maji, akakaa.

Tangu asubuhi ya pili yake, simu ikanyamaza. Nikipiga, "Niko kazini, ntakurudia." Harudi. Njia ya kutoka Khuwair ikawa ndefu, nikawa nasikiliza redio habari za bei ya mafuta.

Ikafika siku ya kuandama mwezi. Mnaijua desturi yetu: simu inajaa ujumbe wa kuombana radhi, kila mtu anatumiwa na kutuma. Na mimi nikachagua mmoja wenye picha ya hilali: "Ramadhani imebisha hodi. Nakuomba unisamehe kwa nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua." Nikautuma kwa watu wote mara moja. Ndugu, jirani, wa kazini, fundi wa mabomba. Na Salma. Nilijiambia basi, nimeomba.

Majibu yakamiminika. "Nimesamehe, na wewe nisamehe." "Tumesamehe, wewe pia tusamehe." Hata fundi wa mabomba alisamehe.

Salma akaandika: "Kwa lipi?"

Nilikuwa nakoroga tambi. Nikazima jiko, nikakaa. Nikajibu, "Kwa yote." Akaandika, "Yote yapi?"

Kwanza nilikasirika. Nikasema huyu naye, majani ya mbuzi tu, anataka nipige magoti? Nikaiweka simu, nikaichukua. Mwisho nikampigia, na safari hii akapokea.

"Kwa kisamvu," nikasema. "Ulikitafuta wewe, mimi nikajisifu nacho."

"Kisamvu nilikusamehe kulekule Bustan," akasema. "Nilipofika nikaona sahani ya Mama tupu, nilifurahi. Nilitaka ale, wifi. Kwa mkono wa nani, hilo si neno kubwa."

"Sasa mbona umeninunia?"

Nikamsikia anafunga mlango wa chumba.

"Mama alinitania mbele ya watu, na wewe pekee ndiye uliyejua. Na ukacheka. Ulicheka kwa sauti kuliko wote."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekumbuka kila kitu cha siku ile. Harufu, shali la Mama, ile dua. Kicheko changu sikukikumbuka hata kidogo. Aliponitajia ndipo nikakisikia. Mimi niliyekwenda kulia msalani kwa ajili ya mkate ulioingia shimo!

"Nisamehe na hilo," nikasema.

"Hilo nipe muda," akasema, akanitakia Ramadhani njema, akakata.

Futari ya kwanza huwa kwa Mama, na walikuwepo walewale wa Bustan, isipokuwa Salma, aliyetuma kusema ana mafua. Tulipokwisha kufungulia kwa tende na kuswali, kabla sahani hazijazunguka, nikasema. Nilisema yote, tangu mfuko chini ya meza mpaka kicheko. Mume wangu akaangalia mkeka. Mama akaweka kijiko chini.

"Kumbe mimi nimemtia mwanangu aibu kwa kitu alichonitafutia mwenyewe," akasema, taratibu, kama anajifunza maneno. Akaomba simu, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Tulisikia sauti yake lakini si maneno. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakunigombeza. Ila jioni ile hakula, na mimi ningependa mara mia anigombeze.

Siku ya pili alikula, msiwe na wasiwasi. Anaendelea vizuri, na nguo zinaanza kumkaa. Salma naye anakuja kufutari, ananipa mkono, ananiuliza hali ya watoto. Ila sasa ananiita kwa jina langu. Tangu niolewe hajawahi kuniita kwa jina, siku zote nilikuwa "wifi". Watu wanaona tumepatana. Mimi kila nikiitwa, nasikia.

Basi nyinyi mnaonisoma, chukueni kwangu kwa bure. Kosa lenye mwenyewe usilipeleke kwenye ujumbe wa watu wote, ukajisifu umeomba radhi. Mpigie mtu huyo mmoja, utaje ulilomfanyia. Na akikwambia si hilo, ni jingine, usibishane naye. Yeye ndiye aliyeumia na ndiye anayejua palipouma. Walionijibu "nimesamehe" ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua nini. Aliyeniuliza "Kwa lipi?" ndiye pekee aliyekuwa bado ananitaka, na mimi nilitaka kumnunia.

Namngoja aniite wifi.