Bei ya Samaki wa Papa Émile

Nicolas alikuwa na vidole vyepesi kuliko makarani wote wa Stanleyville, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwatangazia watu habari hiyo. Kazi yake ilikuwa kupiga taipureta kwa Docteur Delcourt, Mbelgiji aliyetumwa na chuo kikuu cha kwao kuchunguza samaki wa maporomoko. Mwaka ule wa 1956 fedha za uchunguzi zilikuwa ukingoni, nao wakaanza kuandaa ombi jipya pamoja na bajeti yake. Chuo kikikubali, Nicolas ana mshahara na atamwoa Lucie. Kikikataa, mahari ataitoa wapi? Mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa na vidole vyepesi namna gani.

Mafuta ya mtumbwi wa injini yalipata bei, mitungi ikapata, na dawa ya kuzuia samaki wasioze ikapata. Ulibaki mstari mmoja tu: samaki wenyewe. Docteur alitaka wale wa kwanza wa kila asubuhi kutoka mitego ya Papa Émile, kwa sababu majukwaa ya miti ambayo mzee huyo alitundikia mitego yalisimama pale maji yanapochemka kwa ukali, na ukoo mwingine haukuwa na ruhusa ya kutega hapo.

"Nenda kaulize bei," alisema Docteur, kana kwamba anamtuma sokoni.

Docteur hakujua kwamba Papa Émile ndiye baba yake Lucie. Nicolas alijua, na bado akaenda. Kwa wavuvi wale mchumba hazungumzi bei na baba mkwe, hata bei ya chumvi. Hayo ni maneno ya wajomba. Lakini karani wetu alijiona mtu wa ofisi. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akashika kalamu, akauliza bila haya.

Papa Émile alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogezea sahani ya pondu, kisamvu cha kwao, na samaki.

"Weye iko bokilo yangu," alisema, yaani mkwe. "Bokilo banamupa samaki ya bure. Kula."

Kule jikoni Mama Gertrude, mke wa mzee, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Nicolas alikula, maana kukataa kungekuwa kosa la pili. Akajaribu kwa majirani. Wote walimwambia kuwa yeye ni mkwe wa kambi nzima ya wavuvi. Alirudi mjini ameshiba hadi kupumua kwa shida, wala hana bei hata moja.

Akapiga kwenye taipureta: samaki, bure. Docteur akavua miwani.

"Non, Nicolas. Kule Ulaya batasema tunabadanganya. Kazi yote iko ya samaki, na samaki haina bei?"

Ndege ya posta ilikuwa inaondoka kesho yake, na ombi lisilo na mstari ule lilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Maji yakamfika Nicolas shingoni. Aliona aibu, lakini hofu ya kumkosa Lucie ilikuwa kubwa zaidi.

"Docteur, ule muzee iko papa ya muchumba wangu," alisema. "Miye sina ruhusa ya kumuuliza bei. Enda weye."

Wakaenda. Nicolas alisimama mbali kama adabu inavyotaka, asisikie neno, aone mikono tu. Docteur wa watu hakujua kupatana bei. Mzee akitikisa kichwa, yeye anaongeza kidole. Mama Gertrude alipotoka na kushika kiuno, Docteur akaongeza tena. Alirudi analowa jasho, amefurahi sana. Nicolas aliposikia bei yenyewe, vidole vyake vilikwama juu ya mashine. Hata hivyo akaipiga, na ndege ikaondoka nayo.

Miezi ikapita. Chuo kikakubali yote, samaki wakiwemo, na Docteur akamlipa Papa Émile mkononi. Jumapili iliyofuata Nicolas alikwenda ukweni na mjomba wake, Tonton Constant. Akiba yake yote ilikuwa mfukoni, kwa kuwa sasa alijua jinsi mzee yule anavyopandisha bei.

Papa Émile alimgeukia mjomba. "Pesa yenu mushike. Mulete mbuzi moja, na kikwembe ya kujifunga ya mama ya Lucie. Ingine nilishapata."

"Kwa nani, papa?" aliuliza Tonton Constant.

"Kwa chuo. Nilitia bei ya Lucie mu bei ya samaki. Niliona mutoto anasumbuka, na yeye haiwezi kuniomba."

Lucie alichungulia mlangoni. "Alors, bwana yangu iko nani? Nicolas, ao chuo?"

Watu wote wakacheka, na Tonton Constant akacheka kuliko wote. Nicolas aliinamisha kichwa kwa heshima kama alivyofundishwa, ila machozi hayajui adabu za ukweni. Yalimtoka mbele ya mkwe wake.