Mnyororo Haukulegea Mteremkoni

Siku ile naikumbuka kwa harufu, Mwanangu. Harufu ya breki zinazoungua, kali, inayoingia puani na kukaa humo hadi jioni ukila ugali unaisikia. Miaka imepita, meno yamepungua, majina ya watu yananitoka, lakini harufu ile iko palepale, na kila ikinijia nakasirika upya. Kwa hiyo kaa. Weka hiyo simu chini. Najua una haraka. Najua Jumamosi anakuja yule mtu wa mtaa wa Panda kuichukua pikapu yako kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu imechoka, haivuti, imekushinda. Nimekusikia. Nyumba nzima imekusikia, na majirani pia. Sasa nisikilize na mimi, babu yako.

Nilikuwa kijana wa umri wako, tukikaa katika mtaa huuhuu wa Kikula, hapa Likasi, katika nyumba ambayo baba yangu aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Baba alikuwa na pikapu ya mazutu, ya dizeli, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Ilileta mahindi kutoka vijijini, ikapeleka unga sokoni, na jirani akifiwa ilibeba jeneza bila mtu kuuliza nauli. Haikuwa na mbio, hapana. Lakini ukiipakia ilinguruma kidogo, ikatulia, ikaenda. Baba alikuwa akiigonga boneti asubuhi kama mtu anayemwamsha ndugu yake.

Huyu baba yangu alikuwa na kaka yake, Baba Mkubwa Anaclet. Oh, mtu yule! Alikuwa na cheo kiwandani kule Shituru, alifunga tai hata akienda kunyolewa, na akiingia kwetu maneno yote yalikatika mpaka apewe kiti. Sitaki kumsema vibaya marehemu. Alikuwa na moyo mzuri, wagonjwa wengi wa ukoo wetu walipona kwa dawa alizowanunulia. Ila hakuna aliyewahi kumwuliza swali. Mkewe hakuthubutu, baba hakuthubutu, sembuse mimi.

Basi siku hiyo kombi yake ikamfia barabarani akirudi kutoka Kambove na mkewe, Mama Mkubwa Félicité. Akatuma neno kwa mtu wa baiskeli: tuje tumvute hadi mjini. Baba alikuwa kitandani, malaria imemkunja. Akanipa ufunguo, kisha akaushika mkono wangu bila kuuachia.

“Enda polepole,” akaniambia. “Ukiona joto inapanda, simama. Hiyo motere tuko nayo moja tu.”

Niliwakuta wamekaa ndani ya kombi kama watu wanaosubiri misa ianze. Tukafunga mnyororo. Baba Mkubwa akabaki kwenye usukani wa kombi yake, maana nani mwingine angekaa pale? Mama Mkubwa kando yake, kikapu cha mihogo mapajani. Mimi mbele, peke yangu kwenye pikapu.

Ee Mungu wangu. Hatujafika hata kwenye kona ya kwanza nilijua kuna jambo. Pikapu ilikaa chini nyuma, ikalia, moshi mweusi ukafunika njia. Gia ya kwanza inaenda. Nikitia ya pili, inataka kuzimika. Pikapu iliyozoea kupanda ikiwa na magunia hadi juu ya kichwa cha dereva, leo inashindwa na kombi tupu mahali pa tambarare! Nikasimama. Baba Mkubwa akashuka, akaja taratibu, mikono nyuma, akaisikiliza motere, ile injini ya baba, kama daktari.

“Motoka yenu imechoka,” akasema. “Baba yako hajue kuchunga kintu. Na iyi mazutu munanunua wapi? Iko na mayi ndani.”

“Ndiyo, Baba Mkubwa,” nikasema.

Nikafungua filta nitafute hayo maji, nikamwaga, nikapuliza, nikafunga. Mikono inanuka mazutu hadi kwenye viwiko. Tukaondoka tena, na hali ni ileile. Nikasimama, nikaongeza maji kwenye rejeta. Hali ileile. Kila tukisimama Baba Mkubwa anashuka na ugonjwa mpya: pampu imekufa, sindano za mazutu zimeziba, mimi sijui kubadili gia. Mimi na “ndiyo” yangu mdomoni. Ile harufu ikaanza. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nasikia kitu kinaungua. Akanijibu bila kugeuka kwamba ni klachi yangu, ninaikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Ndiyo, Baba Mkubwa.

Halafu tukafika kwenye mteremko. Hapa ndipo ninapotaka uache kutazama mlango, Mwanangu. Tukiteremka, gari linalovutwa linapaswa kukukimbilia nyuma, na mnyororo unalegea, unaburuza chini. Kila mtu anajua. Mtoto anayevuta gari la mabati kwa kamba anajua. Mimi nilitazama kioo, nikauona mnyororo umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Tunateremka, nimekanyaga mafuta, na bado umekazwa. Niliona kwa macho yangu haya mawili. Swali likanijia hadi kwenye ulimi: Baba Mkubwa, mguu wako uko wapi? Nikalimeza. Ningeanzaje kumwuliza mtu mzima habari za mguu wake? Angesema nimekosa adabu, habari ingefika nyumbani kabla yangu.

Kwa hiyo nikaendelea na adabu yangu. Baada ya mteremko ule kuna mlima, na sindano ya joto ilikuwa tayari imelala upande mwekundu. Nilikumbuka neno la baba, nikataka kusimama. Nyuma Baba Mkubwa akapiga honi: twende, twende, jua linazama! Nikaenda. Katikati ya mlima mvuke ukaruka kutoka kwenye boneti, nikasikia kitu kikilia ndani, ta!, na pikapu ya baba yangu ikanyamaza. Haijawaka tena tangu siku ile.

Nilishuka, nikakaa chini kando ya njia. Watu wa makala, wauza mkaa, walikuwa wakipita na baiskeli zao, wanatutazama tu. Ndipo Mama Mkubwa akafungua mlango wa kombi, akaweka kikapu chini, akaja hadi nilipokaa, machozi yakinibubujika. Ndiyo, nililia, cheka ukitaka.

“Mutoto,” akasema, “pikapu yako haina kosa. Tangu kule tulitoka, muguu yake iko pa fren. Haikutoka hata kidogo. Aliogopa kukugonga nyuma.”

Baba Mkubwa alikuwa amesimama karibu, tai imekaa sawasawa shingoni. Hakukana. Alisema tu, “Mnyororo ni mufupi. Miye ningefanya je?”

Nikamgeukia Mama Mkubwa, hasira imenipanda mpaka nikasahau yeye ni nani. “Sasa juu ya nini haukusema, Mama?”

Akanitazama juu hadi chini. “Na weye, juu ya nini haukuuliza?”

Mwanangu, nimepigwa makofi maishani, lakini lile lilifika. Tulikuwa watu watatu barabarani na wote watatu tulijua kitu. Mwenye mguu alijua mguu wake uko juu ya breki. Mke wake aliuona. Mimi niliuona mnyororo. Na pikapu, ambayo haina mdomo, ndiyo iliyobeba ukimya wetu hadi ikapasuka.

Lori lilituvuta usiku, magari yote mawili. Asubuhi baba alitoka nje amejifunika blanketi, anatetemeka, akafungua boneti. Fundi tuliyemwita alfajiri alikuwa amekwisha kumwambia: kichwa cha motere kimepasuka, na kingine hakipatikani. Baba hakupiga kelele. Aliniuliza kama mnyororo ulilegea tulipoteremka. Nikasema hapana. Akauliza kama niliona. Nikasema niliona, lakini ni mkubwa, ningesemaje.

Akaifunga boneti. Kisha akasema: “Mukubwa unamupa kiti. Unamupa mayi ya kunawa, unamupa kifua cha kuku. Haumupe motere.”

Pikapu ilibaki uani. Kuku wa mama wakataga kwenye kiti cha dereva. Baba, mtu wa umri ule, akarudi kusukuma baiskeli yenye magunia ya makala kwenye milima hii ya Likasi, na mimi nilimtazama mgongo wake kila asubuhi akitoka. Baba Mkubwa alikuja kutusalimia Jumapili iliyofuata. Tulimpa kiti.

Sasa tuje kwako, Trésor, mtoto wa binti yangu, kabla sijapandwa na presha.

Tangu mwaka juzi unapiga kelele kwamba pikapu haivuti remorki, lile tela lako la mzigo. Umebadilisha filta. Umeosha tangi. Pampu umeipeleka kwa mafundi mpaka inawajua kwa majina. Umeuza redio ununue sindano za mazutu. Kila fundi anachomoa kitu, anaweka kitu, unakwenda kuchukua mahindi, unarudi unatoa moshi na uso umekunjamana. Na mimi, mzee mzima, nimekaa kwenye kiti changu na kusema: vijana wa siku hizi hawajui kuchunga kitu. Nimesema hivyo! Kwa mdomo huu! Sikusikia hata sauti ya nani ilikuwa ikitoka humo.

Halafu juzi, tukiwa mezani, ulisema maneno ambayo wewe uliyasema tu, huku unaomba chumvi: “Kambo, hata tukiteremka kuja Panda, niko nakanyaga mazutu.”

Kijiko kilibaki njiani. Sikulala. Jana uliporudi na mzigo, ukaingia kuoga, nilikwenda nyuma ya nyumba ilipo ile remorki niliyoichomelea kwa mikono yangu nilipostaafu. Nikaweka kiganja kwenye gurudumu. Tazama kiganja. Tazama malengelenge haya. Na ile harufu, Mwanangu, ile harufu yenyewe ilikuwa pale uani kwangu, miaka yote hii imenifuata.

Nani aliamuru breki ya remorki isifunguliwe yote? Nani alisema, acha skurubu ya breki imekaza kidogo, ili mteremkoni remorki isikusukume? Ni mimi. Niliogopa ukiteremka na mzigo ule ungekushinda, nikasema neno moja siku ile ya kwanza, nikaenda zangu kulala. Na wewe ukatii. Kila safari unaikaza skurubu mizunguko miwili, kwa sababu Kambo amesema. Nikamwuliza mke wako, Solange, kama unajua kinachoiua pikapu. Akashika kitambaa chake cha kichwa, akatazama chini, akasema: “Anajua, Kambo. Ila ni weye ulisema.”

Nilitaka kuchukua fimbo. Sikujua nianze na nani.

Ulijua! Ungeuza pikapu, ungeuza chakula cha wanao, ungerudi kusukuma baiskeli kama baba yangu, kuliko kuja kwenye kiti hiki kuniambia, Kambo, neno lako linaniua! Hiyo ndiyo adabu niliyokufundisha? Basi nilifundisha vibaya, nami leo naifundisha upya.

Sikia nasaha yangu, na uipeleke kwa wenzako wanaokaa pale barabarani wakilalamika. Kazi ikikushinda na wewe unajua una nguvu, usianze kwa kufungua motere. Nenda nyuma, uguse magurudumu ya kile unachokivuta. Ukikuta la moto, uliza. Uliza kwa upole, piga magoti ukitaka, vua kofia, anza na salamu zote. Lakini uliza. Sisi wazee tunakanyaga breki kwa sababu tunaogopa. Tunaogopa mtaumia, mara nyingine tunaogopa tutawagonga, na ukweli mwingine nakuambia wewe peke yako, tunaogopa mwendo wenu. Mguu ukikaa pale muda mrefu, mwenye mguu mwenyewe anasahau kwamba ameuweka. Hataondoa mpaka mtu amwambie. Na ukimwambia atafoka. Mwache afoke. Sijawahi kusikia motere iliyopasuka kwa sababu babu wa mtu alifoka.

Kiti changu nipe. Maji nipe. Kifua cha kuku, meno yangu hayakiwezi tena, lakini kilete nikione.

Sasa simama. Chukua ufunguo mkubwa, uende nyuma ya nyumba, ufungue ile skurubu yote, hadi mwisho, halafu uifunge remorki na upande nayo huu mlima wa hapa Kikula, nisikie. Nitakuwa nimekaa hapa mlangoni. Yule mtu wa Panda akija Jumamosi, mpe chai, umrudishe kwao salama.

Mungu akulinde barabarani, Mwanangu. Akulindie pikapu yako, mke wako na watoto wako, mikono yako ishike kazi na kazi iende. Akupe milima unayoiweza. Na siku yoyote ukiisikia ile harufu, akupe mdomo wa kuja hadi kwenye kiti hiki kuniuliza: Kambo, muguu yako iko wapi?