Baba Mmoja, Majibu Mawili

Saa mbili asubuhi, foleni ya hospitali hapa Matrah, jirani na Maskati, imeshafika nje. Bi Kheiria amesimama baina ya meza ya daktari na mgonjwa, mtandio kaukamata kwa mkono mmoja. Kazi yake ni kufasiri, watu arubaini kwa siku, tangu aje kutoka Unguja miaka sita iliyopita.

Shaikha, mweupe, mwili mkubwa, ameshatoka. Daktari, mgeni wa ng'ambo, kamwambia unene huenda ukaandamana na sukari ya kurithi, apunguze wali na halua, akapimwe mkojo. Kaingia Mahbuba, mweusi, mnene vilevile, kiu haimwishi. Huyu, daktari kamtazama kidogo tu. Watu wa asili ya Kiafrika ndivyo walivyoumbwa, anasema, hapana la kupima. Aitwe mwengine.

Kheiria hafasiri.

Mwaka jana alikosea. Daktari alimwambia bibi mmoja kuwa kanenepa mno, Kheiria akaona haya kuutaja mwili wa mtu hadharani, asije akaambiwa kamtia jicho. Akafasiri, "Mashaallah, Mungu kakujaalia mwili." Bibi akenda zake kafurahi. Aliporudi, kidole cha mguu kimeoza kwa sukari, cha kukatwa.

"Sijalala vizuri tangu siku ile," anajisemea moyoni. "Na huyu je, nimwache vivi hivi?"

Maana analijua asilolijua daktari: Shaikha na Mahbuba ni ndugu, baba mmoja, mama mbalimbali. Mzee Thani, baba yao, alikuwa jirani yake Unguja. Kafa kwa sukari. Lakini mfasiri aliyembishia daktari kabla yake hakuonekana tena kazini.

"Daktari," anasema, "huyu na yule aliyetoka ni ndugu. Baba yao kauliwa na sukari."

Daktari anaitazama rangi ya Mahbuba, kisha mlango. Masikio yanamwiva. Anaandika karatasi ya kipimo.

Adhuhuri majibu yanatoka. Mkojo wa Shaikha, uliochemshwa na dawa ya buluu, umebaki buluu, sukari hamna. Wa Mahbuba umegeuka mwekundu wa tofali, sukari tele.

Kheiria anamfasiria yote, hapunguzi hata neno. Mahbuba analia, naye anamshika mkono.

Kama kesho kazi anayo, hajaambiwa.

"Nataka kila anayeingia aulizwe wazee wake waliugua nini," anamwambia Mahbuba. "Wakinifukuza, nna miguu. N'takaa nje ya geti niwaulize hukohuko."