Siku Tano za Barua ya Ruhusa

Kosa langu la kwanza katika Kiingereza nililifanya mlangoni pa darasa, mbele ya walimu wawili. Nilikuwa nimepanga mabenchi upya, nikataka padre aje ayaone. Nikamwambia, "You must come."

Padre akanijibu kwa Kiswahili, "Ni lazima? Haya, bwana mkubwa, nakuja."

Walimu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kwa mwezi mzima nikipita na ufagio wangu waliniita Bwana Lazima. Mimi sikuwa mwalimu wala mwanafunzi. Nilikuwa mtunzaji wa nyumba ya shule katika misheni ya Waingereza hapa Korogwe: kufagia, kugonga kengele, kufuta ubao. Kiingereza nilijifunza peke yangu, katika kitabu cha sarufi kisicho na jalada ambacho padre alitaka kukitupa. Siku ile niliapa kwamba sitafungua tena kinywa kwa Kiingereza mpaka niwe na hakika ya kila neno.

Nikaanza na vile vitenzi vilivyoniaibisha. Ni vichache: can, may, must, shall, will, na wenzao could, might, should, would. Havisimami vyenyewe. Kimoja hutangulia, kisha kitenzi chenye kazi hufuata kikiwa kitupu, hakina kitu mbele wala nyuma. Wanasema he goes, lakini he can go. Hakuna he cans. Sisi mwenye kuweza hujitaja mwanzoni mwa neno, naweza, unaweza, anaweza. Kwao neno linabaki lile lile hata awe nani.

Hayo hayakunisumbua. Lililonisumbua ni kwamba kitabu kilisema could ni can ya wakati uliopita, na papo hapo kikasema Mwingereza akiomba maji kwa adabu hutumia could, kana kwamba anaomba maji ya jana. Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi. Mwishowe nikalielewa kwa mfano wa nyumbani. Mkwe kwetu Uzigua haingii mlangoni moja kwa moja. Husimama mbali, akaongea kutoka kule. Mwingereza naye akitaka kitu hurudi nyuma kidogo, anakiomba kutoka mbali. Nilifurahi sana kwa kuligundua hilo. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatatu moja alasiri alifika mtani wetu kutoka Handeni. Ni mtu mzima, rika la baba, lakini mtani kwetu hapewi shikamoo. Mtani hutukanwa, naye hutukana. Mara ya mwisho alipopita hapa alinisalimu kwa sauti mbele ya shule nzima, "Wewe mbuzi wa Wazungu! Bado hawajakuchinja?" Nami nikamjibu kwamba wanasubiri kwanza wamalize kondoo wa Handeni, yaani yeye.

Siku hiyo alisimama chini ya ukingo wa paa, akaweka fimbo yake chini, akasema, "Hujambo. Baba yako anaumwa. Anakuita, ana neno la kukwambia."

Kwetu habari nzito hupewa mtani aipeleke. Na mtani akiacha kutania, hata mtoto anajua maana yake. Niliona kwamba hakutania. Naandika hapa wazi kwamba niliona.

Kuondoka bila ruhusa sikuweza. Kazi ningeipoteza, na njiani bila cheti cha padre askari wa serikali ya Mdachi angenikamata nikabebe mizigo. Kwa hiyo ilibidi niombe. Padre alikuwa nyumbani kwake, hatua hamsini kutoka pale. Nikamwambia mtani, "Kaa kidogo, naandika barua."

Niliandika, My father must be ill. Nikafungua kitabu. Kilisema must ikikaa hivyo ni ya mtu anayekisia: bila shaka ni mgonjwa, lakini hakuambiwa. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Nikafuta. Nikaandika may be ill, yaani huenda anaumwa, lakini hiyo ilitia shaka zaidi. Nikafuta tena. Ilibaki My father is ill, maneno manne ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyaandika. Niliyatazama nikaona haya. Kisha likaja ombi lenyewe. Can I go ingeuliza kama miguu yangu ina nguvu. May I go ndiyo ruhusa. Might I go ilikuwa mbali zaidi na mlango, lakini sikuwa na hakika kama si mbali mno, padre akadhani namdhihaki. Giza likaingia. Nikagonga kengele ya sala, tukala ugali, tukalala.

Jumanne niliinakili barua mara nne. Mtani alikaa kizingitini akichonga mpini wa jembe. Alimaliza mmoja akaanza wa pili.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kidogo."

"Baba yako hajui kusoma."

"Si yake. Ni ya padre."

"Padre anajua Kiswahili. Asubuhi amenisalimu, ameniuliza habari za mvua za Handeni. Amenishinda hata mimi kwa salamu."

"Wewe huelewi mambo ya hapa."

Hapo ndipo angenitukana. Nilingoja anitukane. Aliinama tu, akaendelea na mpini wake.

Nakiri sasa jambo ambalo sikumwambia. Sikuihitaji barua ile kwa ajili ya ruhusa. Nilitaka padre aisome, asione kosa hata moja, kisha awaonyeshe wale walimu wawili. Nilikuwa nimekwisha kuiona siku hiyo kichwani: wamesimama, karatasi iko mikononi mwao, hawana la kucheka. Katika picha hiyo baba hakuwamo.

Jumatano alfajiri nilitoka na nakala safi. Mpishi akaniambia padre amepanda kwenda Bungu, kule mlimani, atarudi Ijumaa. Nilisimama na barua mkononi. Sikusikia uchungu. Nakumbuka niliwaza kwamba nimepata siku mbili za kuirekebisha.

Ijumaa mchana padre alirudi, viatu vimejaa udongo mwekundu wa mlimani. Mtani hakuningoja. Alinyanyuka kizingitini, akamwendea na kumwambia kwa Kiswahili chetu cha bara, "Baba yake huyu yuko hoi. Tangu Jumatatu anamwita."

Padre akanigeukia. "Tangu Jumatatu? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naandika barua, padre."

"Barua gani?"

Ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Padre akachukua kalamu ya risasi, akaegemeza kijikaratasi kwenye mwimo wa mlango, akaandika cheti mistari miwili. Nadhani haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Nenda," akasema. "Nenda sasa hivi."

Tulivuka daraja la mto jua likiwa bado kali, tukapita kando ya mashamba ya katani, tukashika njia ya nyika. Mtani alitangulia. Hatukuzungumza ila kuhusu maji na mahali pa kulala. Jumapili asubuhi tulipokaribia nyumbani niliona wanaume wamekaa uani kwenye mikeka, wengi kuliko watu wa kumjulia hali mgonjwa. Baba alikuwa amezikwa jana yake, baada ya sala ya adhuhuri. Kama tungeondoka Jumanne asubuhi, tungefika Jumatano jioni, naye alikuwa hai na akili zake timamu mpaka Ijumaa usiku.

Mama alikuwa ndani, amekaa chini. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika."

"Alikuwa na neno gani la kuniambia?"

"Hakutuambia sisi. Alisema ni lako."

Nilitoka nikakaa mkekani na wanaume. Watu walinipa pole, nikaipokea kama mtu anayepokea mizigo ya watu wengine.

Siku ya kuanua matanga, ulipofika wakati wa watani, mtani wetu aliingia katikati ya uwanja akiwa amevaa kofia ya baba. Akamwaga jivu chini, akalisawazisha, akachuchumaa na kijiti. Alikunja uso, akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika, akafuta. Watu walianza kucheka kabla hajatoa neno. Kisha akajilaza upande, akakohoa kikohozi cha baba hasa, akauliza kwa sauti ya baba, "Mwanangu amefika?"

Akarukia tena kwenye jivu. "Bado, mzee! Usife kwanza! Kuna neno moja hapa halijakaa sawa!"

Kicheko kilipasuka. Wanawake walishikana mabega. Ndani ya nyumba nilimsikia mama akicheka pia, kisha akalia, kisha akacheka. Akina baba wakubwa walipiga makofi wakisema, "Msema kweli huyo! Mpeni kuku!" Mtani msibani hakasirikiwi. Nami sikukasirika. Nilinyanyuka, nikamkamatia kuku kama desturi inavyotaka, nikampa kwa mikono miwili.

Akampokea. Akanitazama chini ya ukingo wa ile kofia, akaninong'oneza, "Mbuzi wewe. Kama ningekutukana siku ile, ungeondoka."

"Ningeondoka?"

"Sijui. Lakini ilinipasa nikutukane."

Nikarudi mkekani. Nilikuwa nikijitunga Kiingereza kimyakimya, bila kutaka. I should have gone. Kitabu kilieleza kwamba should ikifuatiwa na have ni ya jambo lililopaswa kutendeka na halikutendeka. Nikaikagua sentensi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa na kosa. Nikaikagua tena. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, sikusikia, na mtu aliyekaa karibu yangu akanipa kikombe cha uji, nikanywa.

Nimerudi Korogwe na kazi yangu ni ile ile. Kiingereza ninaendelea kukisoma, na ninapokisema nakosea mbele ya watu, nao wanacheka. Nikihitaji kitu kwa mtu, namwendea siku hiyo hiyo na kumwomba kwa lugha yoyote tuliyo nayo sote wawili. Mama ameniita mara mbili tangu wakati huo. Mara zote mbili niliondoka kabla jua halijazama.