Presha ya Kasuku wa Fundi Tamimu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ndani ya kibanda cha ushonaji cha Tamimu, kata ya Makandana, mjini Tukuyu, palikuwa na watu tisa: fundi mwenyewe, mkewe Safina, aliyekuwa akishona vifungo, wanakwaya sita, akiwamo kiongozi wao, Mama Esnath wa Kisondela, waliofuata sare walizoahidiwa tangu kabla ya Pasaka, na mzee mmoja asiyekuwa na nguo yoyote ya kushonwa pale, ila alikuja kuota joto la pasi ya mkaa. Juu yao, kwenye kijiti kilichoning'inizwa darini, alikuwapo kasuku wa kijivu aitwaye Katibu. Dakika moja baadaye Katibu alianguka ndani ya kikapu cha vipande vya vitambaa, akalala chali kama mlevi wa pombe ya komoni.

"Amekufa," alisema mwanakwaya mmoja.

"Hajafa," alijibu Mama Esnath. "Ameona aibu kwa niaba ya fundi."

Tamimu alizaliwa papo hapo Makandana mwaka 1957. Babu yake alitoka Pangani akiwa na cherehani ya mkono, akakusudia kukaa Tukuyu mwezi mmoja. Mvua haikukatika, naye akaoa. Mjukuu alirithi kazi hiyo pamoja na kasoro yake kuu, yaani kuahidi. Katika miaka arobaini na sita ya ufundi hakupata kumaliza vazi siku aliyoitaja, wala hakupata kumwambia mteja neno "hapana".

Katibu alikuwa mali ya Zakia, dada yake Tamimu, aliyemwachia alipofariki Tanga. Ndege huyo alikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza aliiokota kibandani: "Njoo kesho, imebaki kupiga pasi." Wateja waliisikia kwa ndege na kwa fundi, na wengi walimwamini ndege. Ya pili alikuja nayo, nayo ilitoka kwa sauti ya Zakia, pamoja na kikohozi chake: "Tamimu, umekula?" Kila adhuhuri Tamimu, ambaye hakujaliwa mtoto wala hakubakiwa na ndugu mwingine, aliinua uso kutoka kwenye cherehani na kujibu, "Nimekula, dada." Safina alikwisha kuzoea.

Mwaka 2023 Tamimu alipimwa, akaambiwa kwamba ana shinikizo la damu, na kwamba aache chumvi na vya kukaangwa. Aliikubali amri hiyo kwa moyo wote, lakini ilikuwapo sheria kubwa zaidi. Katika wilaya hii ya Rungwe, anayekuletea chakula hakuulizi kama una njaa. Ukikikataa, umemwita mchawi bila kulitaja neno lenyewe. Basi Tamimu alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo", akasubiri mgeni ageuke, kisha akamimina zawadi katika kopo la Katibu. Kwa muda wa miaka miwili ndege yule alikula karanga za chumvi za Mama Esnath, kachori, ngozi za kuku na dagaa wa Kyela. Presha ya fundi ilishuka vizuri sana. Hakuna aliyeuliza imehamia wapi.

Jumamosi hiyohiyo walimwita Obed, bwana mifugo, aliyefika kwa bodaboda kutoka Isongole akiwa na buti zenye samadi ya ng'ombe aliyekuwa akimzalisha. Alimgeuza Katibu, akamsikiliza kifua, kisha akampigia simu mwalimu wake wa zamani na kuzungumza naye kwa robo saa.

"Moyo unakwenda mbio, pumzi fupi, na mwili ni mafuta matupu," alisema hatimaye. "Mwalimu wangu anasema kifaa cha kumpima hakipatikani huku. Lakini kwa dalili na kwa chakula chake, huyu ana presha."

Safina aliangua kicheko. "Ndege ana presha? Kwani ana mke?"

"Ana mume wako, mama. Anatosha."

"Atapona?" aliuliza Tamimu, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mishipa yake ni myembamba kuliko uzi wako, mzee. Mpe mchicha, mpe karoti, mpe maji. Chumvi basi. Karanga basi. Na parachichi asionje hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Kwa ndege kama huyu ni sumu inayokwenda moja kwa moja moyoni."

"Parachichi?" aliguna mzee wa pasi. "Rungwe hii iliyojaa miparachichi?"

Habari za ugonjwa zilienea, na hapo ndipo hatari ilipoanza, kwa sababu watu wa Rungwe hawaendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Jumapili zililetwa karanga. Jumatatu yaliletwa maandazi. Tamimu alipokea vyote akavificha chini ya meza, huku Katibu akiwa kimya tangu alipoanguka. Jumanne, tarehe 17, Mama Esnath aliingia na wanakwaya wake watano, akiwa na kapu la maparachichi aliyoyachuma mwenyewe na kuyabeba kichwani kutoka Kisondela.

"Ugonjwa gani usioshindwa na parachichi?" alisema. Hakuketi. Alichukua kisu, akapasua moja, akachota kipande kwa ncha ya kidole.

"Weka hapo, mama, atakula kesho," alisema Tamimu.

"Kesho yako tunaijua. Atakula sasa."

Kidole kilikwenda kwenye mdomo wa ndege. Katibu, ambaye kwa siku tatu hakuwa ametamani chochote, alifungua mdomo.

"Hapana!" Tamimu aliushika mkono wa Mama Esnath. "Asile hicho. Hatakula chako."

Mwanakwaya mmoja alishika kifua.

"Tamimu," alisema Mama Esnath polepole, "umeniita mchawi mbele ya kwaya?"

"Sikukuita mchawi. Ni sumu kwa ndege, bwana mifugo amesema. Hata zile karanga zako ndizo zilizomwangusha."

"Karanga zangu? Zile nilikuletea wewe!"

Ndipo Tamimu, akiwa ameanza kusema kweli katika umri wa miaka sitini na minane na hajui mahali pa kuikomesha, aliieleza yote. Miaka miwili. Hata punje moja hakuitia kinywani.

"Sasa kula," alisema Mama Esnath, akimpa parachichi.

Alilila lote, kwa kijiko, amesimama, macho ya wanakwaya wote yakimhesabia vijiko. Alipomaliza, Mama Esnath alifuta kisu, akavuta kutoka chini ya meza furushi la vitambaa vya sare ambavyo havijakatwa, akaliweka kichwani mwake. "Ndege wako apone," alisema. "Nguo zetu zitashonwa na mtu anayekula." Wote sita walitoka bila kuaga.

Mimi ninayesimulia nimewahesabu upya waliomo kibandani Jumamosi, tarehe 30 Agosti, saa ileile. Wanakwaya: hakuna. Mzee wa kuota pasi: yupo. Safina: yupo. Tamimu: yupo. Kasuku: mmoja, juu ya kijiti, anakula mchicha.