Besi ya Nyuzi Tano na Kijiti cha Kiunoni

Msinitajie malaria wala njaa. Nilikuwa na akili zangu, nimeshiba, na ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hapa hapa Mpanda. Asiyetaka kuamini aache kusoma.

Miaka saba iliyopita mimi ndiye niliyekuwa napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu ya Makanyagio. Ndiyo, mwanamke, tena na mtoto mgongoni. Nilijifunza sekondari. Mwalimu wa kwaya akataka besi ya nyuzi tano, ile yenye uzi mnene unaoshuka chini kabisa, ila iwe ya bei nafuu. Nikaikuta karibu na stesheni, kwa mzee aliyetandika gunia peke yake.

Akacheka. "Mama, vidole vya kusonga ugali hivyo vitaubana uzi huu?"

"Lete hapa, babu. Usinipotezee muda."

Nikafumba jicho moja, nikaitazama shingo: imenyooka. Nikabonyeza uzi mmoja mmoja shingo nzima. Nne safi. Wa tano unakwaruza, umelala mno. Dawa yake ndogo tu, unaupachikia kipande cha mti chini yake pale juu ya shingo, unanyanyuka.

"Kijiti tutapata wapi?" nikauliza.

"Anacho mwanao kiunoni."

Kweli alikuwa nacho. Alifungwa kinga hiyo na mama mkwe wangu, mtu wa kabila la Wakonongo, siku kitovu kilipodondoka. Lakini mtoto alikuwa ndani ya kanga, mzee alikionaje? Swali hilo lilinijia nimeshachelewa. Mimi msomi nilikidharau kile kijiti. Nikakifungua kwa mkono wangu, kikachongwa, kikapachikwa. Uzi ukaimba mpaka nikausikia kwenye meno.

Sijafika nyumbani, mtoto akaamka. Akafumbua mdomo kulia, machozi yanamtiririka, sauti hakuna. Besi ndiyo ikaunguruma begani kwangu, bila spika, bila mkono. Akifunga mdomo, inanyamaza.

Nilirudi mbio. Gunia hakuna. Nikamuuliza mama mchoma mahindi, mzee kaelekea wapi.

"Mzee gani, dada? Si wewe ulikuwa umekaa pale peke yako, unachonga kijiti?"

Nikatazama mikono yangu. Vumbi la mti lilikuwa chini ya kucha.

Nilijaribu kukichomoa kwa kisu, kwa meno, wapi! Mama mkwe hakunipigia kelele. Alisema tu, "Kijiti anakifungua aliyekifunga," akakitoa kwa vidole viwili. Mtoto akalia. Lakini sauti haikurudi yote, niaminini. Sasa yuko darasa la pili na ananong'ona tu. Wenzake wanamwita Bubu, na nimeshagombana na mama zao watatu.

Nyie wenye vyeti, kagueni shingo, kagueni nyuzi, hakuna ubaya. Ila mtu akikuomba kitu kilichofungwa mwilini mwa mwanao, mbebe ukimbie. Mimi mwanangu analia bila sauti, nilikuwa wapi? Nilikuwa nasikiliza kama uzi umekaa sawa.